Ada ya Rejista

Kwa miaka kama sita niliuza stempu za zamani kwa njia ya posta nikiwa Eldoret, na sehemu kubwa ya muda huo niliwatoza wateja ada ya rejista kisha nikawatumia barua zao kwa njia ya kawaida. Naanza na hilo ili msomaji asinihurumie mapema.

Barua ya rejista, kwa wale ambao hawakuwahi kuiona, ilikuwa bahasha iliyochorwa mistari ya buluu yenye umbo la msalaba na kubandikwa kijikaratasi chenye namba. Kila posta ilikopitia, namba ile iliandikwa kitabuni na mtu akatia sahihi. Ikipotea, ilijulikana imepotelea mikononi mwa nani. Aliyeituma alipewa kipande cha risiti akaondoka moyo umetulia. Barua ya kawaida ilitumbukizwa tu kwenye sanduku jekundu pale nje, ikaenda na bahati yake.

Stempu zilinijia kwa sababu ya kazi. Nilikuwa karani katika kampuni moja ya kununua mahindi, na kila asubuhi nilifungua barua za wakulima, za wasagaji, za watu wa magunia. Bahasha zilikuwa za kutupwa. Nilianza kuzibeba nyumbani Munyaka, na siku za Jumamosi mimi na mke wangu tulikata zile kona zenye stempu tukaziloweka kwenye karai la maji ya vuguvugu. Baada ya muda stempu zilijibandua zenyewe zikaelea. Tulizilaza kifudifudi juu ya magazeti, na zikikauka tukazikandamiza chini ya Biblia na pasi baridi. Nyumba yote ilinuka gundi. Mke wangu alisema angalau sisi tunanuka kitu, majirani wananuka mafuta ya taa.

Kampuni ilipopunguza wafanyakazi nilikuwa miongoni mwao. Nilikodi kona moja ndani ya duka la mama mmoja aliyetoka upande wa Nyeri, mjini, karibu na soko. Yeye aliuza chumvi, sabuni za miche na madaftari. Mimi nilikuwa na meza, mashine ya chapa niliyoinunua kuukuu, na ukutani juu ya kichwa changu picha ya Rais, ambayo hakuna duka lililoikosa. Nikatia tangazo dogo gazetini. Barua zikaanza kuja kutoka Machakos, Kitale, Kisumu, Mombasa. Za kutoka ng'ambo zilikuja pia, lakini hizo niliziacha mapema. Kijana mmoja wa chama tawala aliyezunguka sokoni akikagua tikiti za uanachama alisimama mezani kwangu akataka kujua kwa nini nina barua nyingi za Wazungu, tunaandikiana nini. Nilimfungulia pakiti nikamwonyesha stempu za vipepeo. Alizitazama moja moja.

"Mtu mzima," akasema, "vipepeo?"

Tulicheka sote wawili. Lakini tangu siku hiyo nilibaki na wateja wa humu nchini.

Nilikuwa na orodha niliyoipiga chapa, na chini kabisa niliandika: posta na kufunga, shilingi saba. Pesa hiyo ilikuwa na maana yake. Ilikuwa ni rejista, na kadibodi mbili za kushika stempu katikati zisikunjike, na karatasi laini ya kuzuia unyevu. Mwanzoni nilifanya hivyo hasa. Nilipanga foleni, nikachorewa msalaba wangu wa buluu, nikapokea risiti.

Sikumbuki siku niliyoacha. Nakumbuka tu kwamba siku moja kadibodi zilikuwa zimekwisha na foleni imefika mlangoni, nikasema hii moja itafika tu. Ikafika. Mteja akaniandikia kunishukuru. Wiki iliyofuata sikwenda kwenye dirisha la rejista. Nilinunua stempu ndogo, nikailamba, nikaibandika, nikatumbukiza barua kwenye sanduku la nje. Orodha yangu sikuibadilisha. Shilingi saba zilibaki pale pale, zimepigwa chapa vizuri.

Mama aliyekaa kaunta ya posta alikuwa ananifahamu.

"Baba, leo tena ya kawaida?"

"Ya kawaida, mama."

"Wewe unajiita mtu wa stempu, na kwangu unanunua ndogo kuliko watu wote. Hata watoto wa shule wananipa faida kuliko wewe."

Nilicheka nikasema biashara ni ngumu. Na kweli ilikuwa ngumu, lakini si kwa sababu ya rejista.

Mama mwenye duka alielewa haraka zaidi, kwa sababu alikuwa anaona. Siku moja akipima chumvi aliniuliza zile kadibodi nilizokuwa nikikata zamani zilienda wapi. Nikamwambia wateja wangu hawajali.

"Walikuambia?"

"Hakuna aliyelalamika."

"Mimi nikimpunja mtu senti kumi ya kiberiti, jioni yuko hapa mlangoni na watoto wake. Wako wanakaa mbali, ndio sababu wewe unalala usingizi." Akafunga chumvi yake. "Haya, nisaidie na huo mfuko."

Katika wateja wote, mmoja alikuwa mwalimu mkuu mstaafu aliyeishi nje kidogo ya Kericho. Barua yake ya kwanza ilianza, "Kwako Bwana Stempu," na hakuniita jina lingine mpaka mwisho. Aliandika kwa kalamu ya wino, mwandiko wa walimu wa zamani, kila herufi imesimama wima. Alinunua kwa ajili ya albamu ambayo haikuwa yake. Ilikuwa ya marehemu mke wake, aliyefanya kazi ya simu katika shamba moja la majani chai, na ambaye alianza kukusanya stempu akiwa msichana. Mwalimu alikuwa akiijaza polepole. Aliagiza tatu, nne, kila mwezi au miwili, na kila mara aliweka katika barua habari kidogo: mvua ya mawe imepiga chai, mjukuu amekataa kusoma, stempu ile ya twiga ina mhuri wa Tororo uliosomeka vizuri sana, ahsante. Nami nilimjibu. Nilijibu kuliko nilivyowajibu wengine. Nilimwambia habari za Eldoret, baridi ya Julai, wakimbiaji wanaopita barabarani kabla watu hawajawasha moto. Nadhani nilikuwa mtu bora katika zile barua kuliko nilivyokuwa nje ya hizo.

Ukurasa wa kwanza wa albamu ulikuwa na nafasi moja tupu. Ulikuwa wa zile stempu za kale zenye majina ya nchi zetu tatu pamoja na kichwa cha mfalme wa Uingereza, na iliyokosekana ilikuwa ile ya bei ya juu, ya simba. Mke wake aliitafuta maisha yake yote. Sasa mwalimu alikuwa na haraka, naye aliniambia kwa nini. Alikuwa na presha ya macho. Daktari alimweleza kuwa atakuwa akiona kama mtu anayetazama nje kupitia dirisha ambalo linafungwa kutoka pembeni, na likishafungwa halifunguki. Niliweza kuiona hali yenyewe kwenye mwandiko wake. Kila barua herufi zilikuwa zimenenepa kidogo, na mistari imeanza kupanda mlima.

"Nataka niuone ule ukurasa umejaa," aliandika. "Baada ya hapo macho yafanye yanavyotaka."

Simba nilimpata Kaptagat, kwa mzee mmoja aliyekuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu na ambaye alibaki na mkebe wa vifungo na bahasha za tajiri wake aliyerudi kwao. Niliinua bahasha moja na simba akanitazama. Meno yote yalikuwa yametimia, yale meno ya pembeni mwa stempu, mhuri mwepesi kwenye kona, wino wake kama umechapwa jana. Nilimwandikia mwalimu siku ile ile.

Jibu lake lilikuja na hawala ya posta ya bei kamili, na ndani yake ada ya rejista, na shilingi mbili zaidi ambazo sikuwa nimeziomba. Aliandika, "Hizi mbili ni za kadibodi nzuri." Na chini ya neno rejista alipiga mstari.

Sasa ningependa kusema kwamba siku ile kulikuwa na jambo, mtoto mgonjwa, au mwenye nyumba amefunga mlango. Hakukuwa na kitu. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, wazee wa pensheni wamejaa posta mpaka barazani, na dirisha la rejista lina karani mmoja. Nilikuwa nimechoka, na miguu yangu ilishazoea kuelekea kwenye sanduku. Nilimkunjia simba karatasi ya daftari, nikamtia kwenye bahasha, nikaandika anwani nikiwa nimeegemeza bahasha ukutani. Nikamtumbukiza. Nilisikia alivyoanguka juu ya barua nyingine.

Wiki tatu zilipita. Mwalimu akaandika kuuliza kama nimeshaituma. Nilijibu kwamba niliituma kwa rejista siku fulani, pengine imecheleweshwa njiani. Akajibu kwa upole akiomba namba ya risiti, ili akaulizie kwenye posta ya kwao. Mistari yake ilikuwa sasa inapandiana.

Hapo ndipo ningeweza kusimama. Nilikaa chini ya ile picha ya Rais na kipande cha karatasi mbele yangu, na mama mwenye duka anauza mkate upande wa pili, na nikavuta droo. Ndani mlikuwa na risiti moja ya rejista, ya karatasi za shamba nilizomtumia kaka yangu Kakamega. Nikanakili namba yake.

Nilikuja kujua baadaye kwamba binti wa mwalimu alimshika mkono wakaenda posta siku mbili mfululizo, na wafanyakazi wa pale wakafungua vitabu vyao kwa ajili yake wakitafuta. Mwishowe wakamwambia namba hiyo ni ya barua iliyokwenda Kakamega na ikapokelewa huko. Mwalimu akaniandikia maneno machache tu. "Nadhani umenakili vibaya. Hutokea. Tazama tena, tafadhali."

Sikujibu barua ile.

Baada ya miezi miwili hivi ikaja bahasha kutoka Kericho yenye mwandiko wa mtu mwingine. Niliifungua nikiwa nimesimama. Aliyeandika ni binti. Alisema stempu imefika. Nilivyoandika nikiegemea ukuta, tarakimu ya mwisho ya sanduku la posta, ambayo ni moja, ilionekana kama saba. Barua iliingia kwenye sanduku la ghala fulani la mbolea, karani wa huko akaitia kwenye droo akaenda likizo, na aliporudi ikasahaulika chini ya karatasi mpaka droo iliposafishwa. Ingekuwa ya rejista ingefuatwa hatua kwa hatua na kupatikana ndani ya wiki. Hilo hakuliandika yeye. Nililijua mimi.

"Imefika Jumanne," aliandika. "Baba hakuiona. Tangu mwezi uliopita anatambua tu kama ni mchana au ni usiku. Amesema nikuandikie haya kama anavyoyasema."

Na haya ndiyo aliyoyasema, kwa mwandiko wa binti:

"Bwana Stempu, bahasha zako zote ninazo. Mtu wa stempu hatupi bahasha. Tangu ile ya kwanza nilijua umelipa kiasi gani posta, kwa sababu ulichokilipa ulikibandika pale mbele. Nilinyamaza kwa kuwa stempu zako ni nzuri na barua zako ni nzuri, na hapa nilipo sina wa kuongea naye habari hizi. Nilidhani ya simba utaifanya tofauti."

Nilikaa chini. Mimi niliyekuwa nikila kwa kusoma bahasha za watu, niliyeweza kukuambia kwa kuangalia mhuri barua imetoka Lodwar au Lamu, miaka yote ile sikuwahi kufikiri kwamba wateja wangu nao walisoma za kwangu. Kama ningekuwa nauza viatu labda nisingejulikana. Niliwapunja pesa za stempu watu ambao kazi yao ilikuwa kutazama stempu.

Mama mwenye duka aliniuliza kuna msiba? Nikampa barua akaisoma, midomo ikicheza. Akairudisha.

"Enda kwake."

"Nikamwambie nini?"

"Mimi najua? Enda tu. Na usiende mikono mitupu, mbebee majani chai."

"Majani chai Kericho, mama?"

"Basi sukari!" akasema kwa hasira, na akanipimia kilo mbili, na alikataa nilipe.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya kijani, na chai imefika mpaka dirishani. Binti alinifungulia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye uso wa mtu aliyelala kidogo. Mwalimu alikuwa kitini, amevaa koti na tai kana kwamba anangoja mkaguzi wa shule. Alinyoosha mkono hewani nami nikaushika.

"Bwana Stempu," akasema. "Sauti yako ni nyembamba kuliko mwandiko wako."

"Nimekuja kuomba msamaha, Mwalimu."

"Najua. Ungetumia posta ingechelewa." Akacheka peke yake, kicheko kifupi. "Kaa. Kunywa chai kwanza."

Nilikuwa na bahasha ya pesa, ada zote za rejista nilizomtoza, kwa kadiri nilivyoweza kukumbuka. Niliiweka mezani nikamwambia ni nini. Hakuigusa wala hakuisukuma. Tulikunywa chai. Kisha akamwambia binti alete albamu.

Hakuwa amekubali mtu yeyote ambandikie simba. Alikuwa akiningoja mimi, kwa sababu, alisema, mkono wa binti ni wa kufulia nguo, si wa stempu. Binti alitoa ile karatasi yangu ya daftari akaifungua juu ya meza, nami nikachukua kibano.

"Niambie," akasema mwalimu. "Usiruke kitu."

Nikamwambia. Rangi yake, na kichwa cha mfalme kona ya juu, na simba anavyokaa. Akauliza mhuri unasemaje, nikamsomea herufi tatu zinazosomeka. Akauliza meno. Nikasema yametimia pande zote nne.

"Na uso wake?"

Nikainua kibano kwenye mwanga. Kulikuwa na mkunjo. Ulianza kona ya chini, ukakata mgongo wa simba, na pale wino ulipovunjika karatasi nyeupe ilionekana. Haukuwepo nilipomtoa Kaptagat. Kadibodi mbili, zile alizozilipia zaidi, zingeuzuia.

Nilikuwa nimekuja safari yote ile nikijiambia kwamba sitasema uongo tena mbele ya mzee huyu. Nilikuwa nimejiapia. Nilitaka kutoka pale nikiwa mwepesi.

"Una mkunjo," nikasema. "Ni kosa langu. Sikuweka kadibodi."

Binti aligeuka akanitazama. Mwalimu akageuza uso, si kwangu, kwa upande ambao binti alikuwa.

"Mkunjo?" akauliza. "Wewe uliniambia ni safi kama ilivyotoka kiwandani."

"Baba—"

"Mara tatu umeniambia."

Binti aliinuka. Alianza kukusanya vikombe, ingawa changu kilikuwa bado na chai. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Mwalimu alikuwa ameishi wiki kadhaa na simba asiye na dosari. Hakuwa anamwona, lakini alikuwa naye kichwani, mzima, kwenye ukurasa wa kwanza wa mke wake, na binti alikuwa amemjengea hicho kwa maneno tu. Mimi nilikuwa nimekibomoa ili nipumue.

"Ni mkubwa?" mwalimu akauliza hatimaye.

"Unapita mgongoni."

"Mbandike hivyo hivyo."

Nilimbandika. Akanyoosha kidole, nikakishika nikakielekeza kwenye ukurasa, akapapasa safu yote mpaka akafika kwake, na kwa ukucha akautafuta mkunjo akaufuata kutoka kona hadi mgongoni. Alirudia mara mbili. Kisha akafunga albamu na kusema ananishukuru kwa safari.

Binti alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amebeba mfuko wa karatasi. Tulikwenda hatua nyingi, chai huku na huku.

"Mzee," akasema, "muda wote ule hukuona haja ya kusema kweli."

"Ni kweli."

"Hii moja ungeniachia."

Akanipa mfuko. Alisema baba yake amesema nichukue bahasha zangu, kwake hazina kazi tena. Hakusubiri nipate usafiri. Nilimwona akirudi na mikono ameikunja kifuani.

Niliendelea na stempu miaka miwili zaidi. Kila barua nilipeleka kwenye dirisha la rejista, na yule mama wa kaunta aliniuliza kama nimeokoka. Niliwaandikia wateja wa zamani niliowakumbuka nikawarudishia kilichokuwa chao. Wengine walijibu vizuri, wengi hawakujibu, na mmoja wa Machakos aliniambia yeye alishajua na alishaacha kuninunulia, sikuona? Sikuwa nimeona. Kwa mwalimu sikuandika tena. Kila nilipokaa kwenye mashine ya chapa nilikumbuka ni nani atakayemsomea.

Bahasha zake ziko kumi na nne, kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati. Kumi na tatu ni sawa tu, mwandiko wangu wa siku za nguvu, stempu moja ndogo kwenye kona. Ya kumi na nne huitoa mara chache nikaisogeza dirishani. Nimejaribu miaka mingi kuisoma ile tarakimu ya mwisho kama nilivyokusudia. Naisoma saba.